Maduara Mawili kwenye Mlango wa Stoo

Niliporudi Kitale kutoka Gaborone nilikuwa na vitu ambavyo watu wa rika langu hawakuwa navyo: diploma ya ualimu wa hisabati, suti ya kijivu, na simu iliyopiga picha. Simu ilikufa, suti ikanibana, lakini diploma ninayo hadi leo. Iko ukutani sebuleni, mkabala na mlango, ili anayeingia asipate shida ya kuuliza. Sikusomeshwa na mjomba wala mbunge. Nilibeba magunia kwenye maghala ya mahindi ya Kitale mpaka bega la kulia likashuka chini ya la kushoto, na hata sasa fundi wa nguo akinipima hutikisa kichwa. Nalitaja bega hili kwa sababu wako waliokwenda ng'ambo na mabega yaliyo sawa, wakarudi nayo vilevile, bila karatasi yoyote.

Nilipata kazi katika shule moja ya binafsi iliyokuwa na kauli mbiu ndefu kuliko ua wake. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, ambapo kila aliyekuwa na ploti na mabati alikuwa akifungua shule. Madarasa yetu yalitenganishwa kwa mbao nyembamba, kwa hiyo mwalimu mwenye sauti kama yangu alifundisha madarasa mawili kwa mpigo.

Mada niliyoipenda ilikuwa seti. Wenzangu waliiogopa, wakaniachia. Niliwaambia wanafunzi kwamba seti ni mkusanyiko ambao unaweza kusema, bila ubishi, nini kimo na nini hakimo.

"Wanafunzi wenye akili si seti," nikasema, "kwa maana mtabishana mpaka kengele. Wanafunzi waliovaa soksi leo ni seti. Inueni miguu."

Miguu ikainuliwa, na aibu nyingi zikaonekana.

Nikawachorea maduara mawili yaliyopandana kidogo. Duara moja, wanaokwenda kanisani Jumapili. Duara la pili, wanaokwenda mnada wa ng'ombe. Ukiwachukua wote, bila kumhesabu mtu mara mbili, huo ni muungano. Pale maduara yalipopandana ni makutano: wale wanaoomba asubuhi na kudanganya umri wa fahali mchana. Na makutano yakikosa mtu kabisa, unapata seti tupu.

"Kama wabunge wenye wamerudi kutuona tangu kura, mwalimu?" akauliza mmoja wa nyuma.

"Hiyo ni seti tupu," nikamjibu. "Na bado ni seti. Tuiheshimu."

Upande wa pili wa mbao mtu alicheka. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mwenyeji wa Bumula, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akinigongea mbao kwa kifutio ili nipunguze sauti. Baada ya kicheko hicho alinigongea kwa vidole. Sitasimulia yaliyofuata. Itoshe kwamba muhula ulipoisha tulikuwa tumekubaliana kuoana, na kwamba hakuniuliza kuhusu diploma, nikalazimika kumweleza mwenyewe.

Kwetu, upande wa Bungoma, posa haianzii kwa ng'ombe. Inaanzia kwa koo. Kijana anataja nne: ukoo wa baba yake, wa mama yake, wa nyanya mzaa baba na wa nyanya mzaa mama. Msichana naye anataja nne. Ukoo mmoja tu ukitokea pande zote mbili, nyinyi ni ndugu, mambo yameisha, hata kama keki imeshaagizwa. Nilipotulia na kulifikiria jambo hili nilifurahi sana. Wazee wetu walikuwa wakitafuta makutano ya seti, na walitaka yawe tupu, kabla sijapanda basi la kwenda kuyasomea.

Kwa kuwa nampenda mtu kwa utaratibu, nilimhoji mchumba wangu mapema, nikalinganisha. Hakukuwa na ukoo uliogongana. Tulikuwa salama kabisa kihisabati.

Siku ya posa tulifika Bumula mchana. Msemaji wetu alikuwa baba yangu mdogo, mfanyabiashara wa mahindi huko Saboti, mtu anayeweza kuuza gunia lile lile kwa watu wawili na wote wakamshukuru. Upande wao baba wa msichana alikaa kimya pembeni. Aliyesema alikuwa kaka yake mkubwa, mzee mwenye fimbo na kofia ya manyoya, aliyekuwa msemaji wa kila posa ya ukoo huo tangu ujana wake, pamoja na ile ya ndugu yake mwenyewe. Shangazi wa msichana alikuwa mlangoni mwa jikoni, mahali ambapo unasikia yote na huitwi kutoa maoni.

Kuhesabu koo kulianza vizuri, kisha kukaharibika. Baba mdogo alitaja nyanya, mzee akakumbuka ng'ombe aliyeibwa na watu wa nyanya huyo. Ng'ombe akaleta vita, vita vikaleta mkoloni. Jua likawa linashuka na bado hatujatoka kwa nyanya wa kwanza. Mimi, ambaye kwa desturi napaswa kunyamaza kama mzigo ulioletwa, nilisimama.

"Wazee, naomba niwarahisishie."

"Mwenye anaoa anaongea?" mzee akauliza.

"Ni mwalimu," baba mdogo akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha kwa ajili ya mbwa wake.

"Wa diploma," nikaongeza.

Mle sebuleni mlikuwa na mlango wa chuma wa stoo ya mahindi, umepakwa rangi ya buluu, laini kuliko ubao wowote wa shule yetu. Chaki sikosi mfukoni. Nikachora maduara mawili yaliyopandana katikati. Kushoto nikaandika koo zetu kwa herufi: a, b, c, d. Kulia nikaandika zao: e, f, g. Katikati sikuandika kitu. Nikarudi nyuma nikiwa nimeridhika.

Mzee aliinuka, akasogea mpaka pua ikakaribia mlango, akagusa pale katikati kwa fimbo.

"Hii ni nini?"

"Ni makutano, mzee. Ni ya ukoo ambao uko kwenu na uko kwetu pia."

"Kwa hivyo uko."

"Hauko. Ndiyo maana hapo hakuna herufi."

"Kama hauko, mbona umeujengea nyumba?"

Nikamweleza kwamba ndivyo inavyochorwa: unatenga nafasi kwanza, halafu unaangalia kama ina kitu.

"Mimi nikijenga choo ndani ya boma yako," mzee akasema, "nikuambie ati usijali, ni tupu, utanyamaza?"

Kutoka mlangoni mwa jikoni sauti ya shangazi ilikimbia uani: "Wameingiliana! Kijana mwenyewe ameonyesha na chaki!" Nikasikia sufuria ikiwekwa chini kwa nguvu, na mtu akisema kuku wa pili asichinjwe kwanza.

Mchumba wangu aliingia na sinia la vikombe. Aliinama karibu yangu kama anayenipa chai.

"Si uyachore mbalimbali tu?" akanong'ona.

"Hiyo ni kuanza na jibu."

"Haya. Baki na swali lako." Akatoka, na kikombe changu akatoka nacho.

Mzee alikuwa amekwisha kukaa. "Wageni wetu," akasema, "hii posa imesimama. Mrudi Saboti mkatafute huyo nyanya mmemficha hapo katikati. Mkimkosa, mje tuongee. Mkimpata, kila mtu atafute kwingine." Baba mdogo alichukua kofia yake mezani. Ananunua na kuuza tangu utotoni, na anajua soko likifungwa. Mimi nilibaki nimesimama na chaki, mwenye hoja sahihi na bila mke.

Nikainua mkono kufuta.

"Usifute," mzee akasema. "Kuna kingine. Nyinyi mmejipa wanne, sisi umetupa watatu. Ama watu wa Bumula hatuna nyanya?"

Hili nililipenda. Lilikuwa swali la darasani kabisa, na nililijibu kwa sauti ya darasani, ile inayovuka mbao.

"Mnao wote, mzee. Ila seti hairudii memba wake. Kitu kikitajwa mara mbili, kinaandikwa mara moja. Nyanya mzaa baba wa binti na nyanya mzaa mama wa binti ni wa ukoo mmoja. Basi wote wawili ni f. Mara moja inatosha."

Baba wa msichana akaanza kukagua viatu vyake. Nilimsikia yule kuku wa pili akitembea uani, asijue bahati yake inaelekea wapi.

Kisha shangazi akacheka, akaingia sebuleni mzima mzima, bila kuitwa.

"Woi! Si niliwaambia wakati ule? Si nilisema hao mama wawili wanaitana dada kwa kisima? Mkaniambia ati nina wivu!"

"Wewe mama, nyamaza," mzee akasema.

"Ninyamaze? Na ni nani alisimama hapa akasema koo zimehesabiwa na ziko sawa? Si ni wewe, bana? Kijana wa watu amechora nafasi tupu unamfukuza. Ya ndugu yako haikuwa tupu, na ukakula firigisi ya msemaji!"

Nilitazama mlango wangu nikaelewa. Baba na mama wa mchumba wangu walikuwa na f kila mmoja. Kwa sheria ya mzee mwenyewe ndoa yao haikupaswa kuwepo, na binti tuliyekuwa tunamposa alitoka katika makutano ambayo msemaji yule yule alikuwa ametangaza hayana kitu. Sikusema neno. Si kwa busara. Nilikuwa natafuta namna ya kuuliza kama angependa duara la tatu.

Mzee alikuwa mwepesi wa akili kuliko nilivyomdhania. Alivua kofia, akaenda mlangoni, akaifuta f kwa manyoya, kisha e na g, kisha zetu zote, taratibu, kama anayepangusa vumbi tu.

"Hii maneno ya chaki ni ya shule," akatangaza. "Kwa macho yangu mimi, hawa watoto wako mbali, mbali kabisa. Hakuna mahali wanaguzana. Huyo kuku anangoja nini?"

Baba mdogo alikuwa amekwisha kuirudisha kofia mezani. "Mzee amesema," akasema haraka. "Tuendelee na ng'ombe."

Chakula kilipoletwa, firigisi iliwekwa mbele ya mzee, kama inavyostahili. Aliitazama, akamtazama dada yake aliyekuwa bado amesimama na mikono kiunoni, kisha akaichukua na kuiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, mwalimu," akasema. "Kula na usiongee."

Baba mdogo anasema alikuwa ananifunga mdomo. Mimi nasema alikuwa anaitambua diploma, kwa kuwa hakuna kijana aliyewahi kupewa firigisi siku ya posa yake mwenyewe. Mke wangu, ambaye mpaka leo hunigongea ukuta nikipaza sauti, husema ni yote mawili. Na tukienda Bumula hunionyesha mlango wa stoo. Mzee alifuta herufi tu. Maduara bado yanaonekana ukitazama kwa pembeni, yamepandana vilevile nilivyoyachora, na hakuna aliyethubutu kuyatenganisha wala kuyaandikia kitu.