Namba Tisa kwa Chaki ya Bluu

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu nilikifungua kitanda changu mbao kwa mbao, nikakifunga kamba, tayari kumkimbia mtu fulani.

Mtu huyo nilikuwa mimi.

Usicheke kwanza. Ngoja nikueleze vile mwanaume mwenye akili timamu anaweza kujifukuza kwa nyumba yake mwenyewe.

Naitwa Boaz. Nina miaka thelathini na tisa, mke mmoja, mtoto mmoja anayeitwa Daisy, na kitambi ambacho sikukiomba. Naishi Kibera, pale mtaa wa Raila. Kazi yangu ni kutengeneza sofa, na karakana yetu iko Kawangware 46. Nakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, lakini kitambi hakijali.

Kwa miaka ishirini, ungeniuliza napenda nini, ningekujibu neno moja: mpira.

Si kucheza. Kutazama.

Timu yangu iko Uingereza, mahali ambapo sijafika na sitafika, lakini ikifungwa nilikuwa nalala njaa kwa hiari. Siku ya harusi yangu, rafiki yangu Oluoch, tunayefanya naye kazi karakana, alikaa viti vya nyuma akinionyesha matokeo kwa vidole. Nabalayo, mke wangu, hajui hadi leo. Mama Daisy, kama unasoma hii, samahani.

Halafu mwaka jana, bila mimi kugombana na mtu, ikaisha.

Naikumbuka siku yenyewe. Tulikuwa kwenye kibanda cha video, dakika ya tisini, timu yangu ikafunga. Watu waliruka. Oluoch alinikumbatia hadi simu yake ikaanguka. Mimi nilikuwa nawaza kama nyumbani kuna majani ya chai.

Niliruka tu kwa heshima.

Nilirudi nyumbani na huzuni ambayo sikuweza kumweleza mtu. Kama mpira haunifurahishi tena, mimi ni nani sasa? Jumamosi yangu ni ya nini? Ukiwa kijana hakuna anayekuambia kwamba kitu unachokipenda kinaweza kuondoka polepole bila kuaga.

Nilijaribu mambo mengine. Drafti, nikaona ni kukaa tu. Kuinua vyuma pale mtaani, siku ya pili mgongo ukakataa. Kwaya nayo, mwalimu aliniomba kwa upole nirudi kukaa na waumini wengine.

Kisha nikapata darubini.

Niliinunua kwa mama wa mitumba Kawangware, ikiwa imefunikwa na mikoba ya kike. Jicho moja lilikuwa limepasuka, lile jingine linaona hadi mbinguni. Nilikusudia iwe ya Daisy. Nikaijaribu kwanza pale mlangoni kwa karakana, nikaielekeza kwenye waya za stima.

Kulikuwa na kandege kadogo, kananing'inia, kanang'aa kijani na zambarau. Kalikuwa kanajikuna shingo bila haraka yoyote. Nilikuwa nimepita chini ya waya hizo miaka kumi na moja.

Moyo ukaruka. Ule mruko wenyewe, wa goli.

Daisy hakuipata darubini.

Sasa shida ikaanza. Mimi ni Mluhya. Nitamwambia nani kwamba naamka saa kumi na mbili asubuhi kutazama ndege? Utotoni kwetu Bungoma nilitega kware, nikawachoma, nikawala. Huo ndio uliokuwa uhusiano wetu na ndege, na kila mtu aliuelewa. Mtu mzima akibadilisha dini, watamwombea. Akibadilisha timu, watamsuta. Akiacha mpira akatazame kunguru, watamtafutia daktari.

Kwa hivyo nikaficha.

Kila Jumamosi nilimwambia mke wangu nawahi kazi. Nikishafika karibu na reli, nilitoa kwenye begi koti la reflekta, lile la wajenzi wa barabara, nililopewa na mteja. Nikavaa kofia. Nikavaa na barakoa iliyobaki wakati wa korona, ili wasee wa kibanda cha video wasinijue. Kisha nikasimama pale juu kwenye mwinuko, mabati yetu yote yakiwa chini yangu, darubini mkononi, daftari kwapani.

Wewe tayari umeona tatizo. Mimi sikuliona.

Juu ya mulika mwizi, ule mlingoti mrefu wa taa unaomulika mtaa mzima, mwewe wawili walikuwa wanajenga kiota. Niliandika kila walicholeta. Na chini ya paa zetu kulikuwa na shorewanda, wale ndege wadogo wa kahawia. Jina lao nililitafuta kwenye simu. Nyumba nyingi zilikuwa na viota vyao. Ili nisihesabu nyumba moja mara mbili, Jumamosi hiyo ya kitanda nilipita vichochoroni nikiiwekea kila moja namba kwa chaki.

Fundi wa sofa hawezi kuhesabu kitu bila kukichora. Ni ugonjwa wa kazi.

Wakati huo ploti yetu haikuwa na amani. Nabalayo na jirani yetu Nduku, ambaye pia tunamwita Mama Kavoi, walikuwa hawasalimiani kwa wiki tatu. Nduku ametoka Kitui, anauza chapati na maharagwe kwenye kibanda kilicho mbele ya ploti, na hapo zamani hao wawili walikuwa wakigawana hata chumvi. Nilipomuuliza mke wangu kuna nini, alisema, "Wachana na hiyo maneno."

Nikaachana nayo. Nilikuwa na mwewe wa kufikiria.

Sasa, Jumamosi yenyewe.

Nilikuwa nimemaliza kutazama ndege, nimeficha koti kwenye begi, niko karakana navuta kitambaa juu ya sponji. Saa tano hivi simu ikalia. Ni Nabalayo.

"Baba Daisy, rudi saa hii!"

"Kwani kuna nini?"

"Wanabomoa! Kuna mtu wa serikali alikuja kupima asubuhi. Ameandika manyumba manamba. Watu wanahama. Kuja tubebe vitu!"

Ukiwa mpangaji Raila, hilo neno halihitaji maelezo. Kila mmoja wetu ameona, au ana ndugu aliyeona, alama kwenye ukuta leo na tingatinga kesho kutwa. Nilimrushia Oluoch mkasi, nikaruka juu ya bodaboda.

Nilikuta ploti imekuwa soko. Magodoro nje, sufuria nje, kuku wa mtu amefungwa kwenye mguu wa meza. Nduku alikuwa analia huku anang'oa misumari ya kibanda chake. Mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma ulikuwa umeshafika, unangoja mabati yake na jiko lake la chapati.

"Pole, Mama Kavoi," nikamwambia.

"Mimi narudi Kitui, Baba Daisy. Nimechoka na hii Nairobi. Kwani nijenge mara ngapi?"

Kibanda hicho alikijenga mwaka jana, bati moja moja. Roho iliniuma sana. Nikaingia ndani, nikatupa begi, nikakishambulia kitanda, na hakuna mtu ploti nzima aliyetukana kuliko mimi.

"Huyo msee wa kupima nikimshika! Nitamlambisha hizo namba zake moja moja!"

Nikiwa nafunga kamba nikamuuliza Nabalayo, "Kwani kuna mtu alimwona?"

"Mimi ndio nilimwona wa kwanza," akasema, kwa fahari kidogo. "Nilikuwa nachota maji. Mwanaume mfupi, ako na tumbo, anatembea kama bata. Amevaa reflekta, kofia na maski. Anaangalia mabati yetu na darubini, anaandika, anaangalia tena. Nikakimbia kuambia watu."

Kamba ikanitoka mkononi.

"Si mfupi sana," nikasema.

"Nini?"

"Nauliza, alikuwa mfupi sana?"

"Mfupi, Baba Daisy. Na hiyo tumbo!"

Nilitoka nje polepole, naye nyuma yangu amebeba ndoo. Juu ya mlango wa kibanda cha Nduku, kwa chaki ya bluu, kulikuwa na namba tisa. Tisa yenye mkia uliopinda.

Tisa yangu.

Sasa nikuulize wewe, ungefanya nini? Mbuvi, msimamizi wa ploti, mwanaume wa sauti kubwa na rungu, alikuwa anatangaza kwamba yule mpimaji akirudi hataondoka na miguu yake. Ningeweza kunyamaza. Mvua ingefuta namba, wiki ingepita, tingatinga halijaja, na kila mtu angerudi kwake akicheka.

Kila mtu isipokuwa Nduku. Mwenye mkokoteni alikuwa amepakia bati la kwanza.

Alipopakia la pili, nikarudi ndani.

Nikavaa koti. Nikavaa kofia. Nikavaa na barakoa, sijui kwa nini, labda niliogopa kwamba bila hiyo hawataniamini. Nikatoka.

"Ndio yeye!" Nabalayo akapiga nduru. "Ndio huyo bata! Ametoka kwa nyumba yangu!"

Mbuvi akainua rungu. Nikang'oa barakoa.

Kila mtu akanikodolea macho. Hata kuku aligeuka.

"Baba Daisy?" mke wangu akasema.

"Ni mimi. Hakuna mtu anabomoa. Nilikuwa naangalia mwewe."

Kama ningesema nilikuwa napima makaburi yao, wangeniamini haraka zaidi.

"Mluhya anaangalia ndege bure bila ugali?" mtu akauliza huko nyuma.

"Wewe unatubeba ufala," Mbuvi akasema. "Umelipwa ngapi? Leta hiyo daftari."

Nikampa. Akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti, "Futi sita kwa futi tatu. Upande wa kushoto, kata inchi nne."

"Anapima!" watu wakapiga kelele. "Na anataka kukata!" Mama mmoja akaokota jiwe.

"Hizo ni sofa!" nikalia. "Ni sofa za watu! Geuza, anza nyuma!"

Mbuvi akageuza daftari. Sauti yake ikapungua.

"Jumamosi. Mwewe jike ameleta waya. Dume ameleta kipande cha neti, kikaanguka, akakasirika." Akaniangalia. "Ulijuaje amekasirika?"

"Ukiangalia sana utajua tu."

Akafunua ukurasa mwingine. "Jumamosi. Mwewe dume ameleta soksi nyekundu ya mtoto, imeshonwa kisigino na uzi mweusi. Nimefurahi sana leo."

Hebu fikiria maneno hayo, "nimefurahi sana leo", yakisomwa na mwanaume mwenye rungu mbele ya majirani wako wote. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na reflekta. Watu wakaanza kucheka.

"Rudia hapo," Nduku akasema.

Hakuwa analia tena. Nyundo yake ilikuwa imesimama hewani. Mbuvi akarudia.

"Lete hiyo kitu ya macho."

Nilimpa darubini, nikamwonyesha jicho zima. Akaielekeza juu ya mulika mwizi, akakaa hivyo muda mrefu, mdomo wazi. Kisha akaishusha, akampita Mbuvi, akanipita mimi, akaenda kusimama mbele ya mke wangu.

"Mama Daisy," akasema. "Kuja uone soksi ya Kavoi."

Hapo ndipo nilipoijua kesi. Soksi moja ilipotea kwenye kamba ya nguo wanayotumia wote wawili. Mwizi wa kawaida huiba mbili. Anayechukua moja, tena ya mtoto, huyo anaipeleka kwa mganga. Ndivyo Nduku alivyowaza, na ndivyo alivyomwambia mke wangu mbele ya wateja wa chapati. Wiki tatu Nabalayo ameitwa mchawi. Na siku ile ile mimi nilikuwa pale juu, naandika nimefurahi sana leo.

Nabalayo akatazama. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Nduku naye akashikwa.

"Nisamehe, dadangu," Nduku akasema katikati ya kicheko. "Nilikutusi bure. Aki nisamehe."

Walishikana wakacheka hadi wakakaa chini kwenye godoro la mtu.

Kisha mke wangu akaniangalia, na kicheko hakikuwepo.

"Ulijua iko huko juu?"

"Nilijua soksi. Sikujua kesi."

"Kwa sababu uliuliza mara moja tu."

Niliona aibu, si ile ya ndege, nyingine kabisa.

Mbuvi akatoa hukumu: mimi nijenge upya kibanda cha Mama Kavoi, na nirudishe vitanda vya watu. Nduku mwenyewe alishusha mabati yake kutoka kwa mkokoteni. Kesho yake, Jumapili, watu wakiwa kanisani, mimi nilikuwa nagonga misumari. Niliunga upya vitanda kumi na moja. Changu kilikuwa cha mwisho.

Funzo? Ukikua, unachokipenda kitabadilika. Usikililie, wala usiruke kwa heshima kwa sababu marafiki wamekuzoea ukiruka. Lakini kile kipya kitoe nje, nyumbani wakijue. Furaha ukiificha kama mali ya wizi, utasakwa kama mwizi, na unaweza kujikuta wewe ndiye unayeongoza msako.

Siku hizi tunapanda pale juu watatu, Nduku akibeba chapati. Oluoch alikuja mara moja, akauliza nani anaongoza, akaenda zake. Mbuvi anasema ni upuzi mtupu, lakini kila Jumatatu ananisimamisha kuuliza dume ameleta nini.

Darubini bado ni ile moja, yenye jicho moja. Jumamosi iliyopita nilingoja sana, mwishowe nikamgusa Nabalayo begani nikamwambia sasa ni zamu yangu.

Hakugeuka hata kidogo.

"Ngoja, bata," akasema. "Kuna kitu ameleta."