Sifuri Si Sawa na Tupu

Walimwita Mashine. Jina hilo alilipata kwenye meli za kuvua kambamiti, alikofanya kazi tangu hajaota ndevu mpaka zikaanza kuingia mvi. Huko wavu hukokotwa chini kabisa ya bahari, huvutwa kwa winchi na kumwagwa kwenye meza ya bati. Kambamiti huingia kwenye kreti. Chochote kingine hurudi majini, kiwe jiwe, chupa au mfuko. Mashine alichambua huku anapiga soga, macho hayapo mezani, mkono wa kulia ukirusha vitu nje ya meli kama unafukuza nzi.

Meli zile zilimla, miezi na miezi baharini. Kila aliporudi nyumbani binti yake alijificha nyuma ya mlango wa jikoni. Siku moja mtoto alimuuliza mama yake, bila ubaya wowote, "Huyu anaondoka lini?" Mashine aliingia bafuni, akafungulia maji, akakaa humo.

Ndiyo maana aliposikia kuna meli ya utafiti inayotafuta mtu wa sitaha, safari zake za siku chache tu, alikimbilia. Alichukuliwa kwa majaribio. Ajira ya kudumu ilikuwa mkononi mwa mkuu wa watafiti, mwanamke mkavu wa maneno ambaye kila mtu alimwita Daktari, hata nahodha aliyemzidi umri.

Meli ile ilichunguza taka zilizolala sakafuni mwa bahari: ziko wapi, za aina gani, zinaongezeka au zinapungua. Wavu ulikuwa wa namna ileile, na meza vilevile. Mavuno ndiyo yaliyogeuka. Taka zilioshwa, zikapimwa, zikapigwa picha. Viumbe hai ndio waliorudishwa majini.

"Yaani unavuka mawimbi kwenda kuzoa taka," mkewe alimtania. "Si ungeanza na za hapo nje?"

"Za hapo nje kila mtu anaziona, mama. Za kule chini nani anaziona?"

"Hayo maneno si yako. Ni ya Daktari."

Yalikuwa ya Daktari kweli.

Safari ya mwisho ya majaribio iliwafikisha kwenye bonde la chini ya bahari ambalo Daktari alilizungumzia tangu bandarini. Lilikuwa mbali na njia za meli, na hakuna aliyewahi kukokota wavu pale. Alitaka kujua kama pamesalimika. Wavu ulipanda umejaa tope. Nahodha akamwita Daktari kwenye redio. "Anzeni, nakuja," Daktari akajibu.

Mezani alibaki Mashine na Bonge, mpishi, aliyekuwa akisaidia kila wavu ulipopanda. Bonge alikuwa anasimulia habari za shemeji yake aliyenunua kitanda kisichopita mlangoni.

"Sasa wanalala wapi?"

"Kitanda kinalala koridoni, wao wanalala chini!"

Mashine alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mkono ukaendelea na kazi yake. Kreti lilipojaa kambamiti, Bonge akanyamaza ghafla.

"Mashine. Taka ziko wapi?"

Mashine akatazama ndoo ya taka. Ilikuwa kavu. Akautazama mkono wake wa kulia.

"Usiniambie," alisema Bonge.

Daktari akatokea. Aliona meza safi, akaona ndoo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wamjue. "Hakuna hata kipande?"

"Panang'aa kama sahani, Daktari," Bonge aliwahi, huku akimkanyaga Mashine mguu.

"Sifuri," Daktari akasema polepole, akaiandika. "Basi bado kuna mahali hatujapaharibu."

Mashine angefunga mdomo, kazi ingekuwa yake. Lakini sifuri ile isingebaki melini. Ingesomwa mikutanoni, watu wangepiga makofi, na ilikuwa uongo uliotoka mkononi mwake.

"Daktari, si sifuri. Zilikuwepo. Nimezitupa."

"Umezitupa?"

"Mkono umezitupa. Mimi nilikuwa nasikiliza habari za kitanda."

Bonge akaanza kuangalia mawingu.

"Zilikuwa nini?"

"Mifuko, nadhani. Sikuangalia."

"Hukuangalia." Akafuta alichoandika. "Basi hapa panabaki tupu. Sifuri maana yake tumetazama, hatukuona kitu. Tupu maana yake hatujui. Usinichanganyie tena."

Walikokota tena, pembeni kidogo. Meza iligeuzwa ili ukingo wa meli uwe mgongoni mwa wachambuaji, na Daktari akasimama hapohapo. Topeni ilitoka mifuko, kandambili moja, kopo la rangi. Mashine aliviweka ndooni kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayejifunza kula kwa mkono mwingine. Hakuna meli iliyowahi kuvua bonde lile, lakini taka zetu zilikuwa zimeshafika.

Bandarini Daktari alimwita ofisini.

"Ajira ya kudumu sikupi. Nakuongezea majaribio."

"Nilidhani unanifukuza."

"Nilitaka. Lakini nikimfukuza aliyesema, atakayekosea kesho ataniachia sifuri."

Mashine alisimama akiikunjakunja kofia yake. "Na Bonge?"

"Abaki jikoni. Mezani kwangu sitaki tena habari za kitanda."

Alishuka ngazi, akampigia mkewe kumwambia kwamba kazi ipo, lakini bado haijawa kazi, na kwamba jioni atakuwa nyumbani.