Makubaliano ya Wiki Ile

Mimi ni mkalimani wa korti, Thika. Mawakili huongea Kiingereza chao, nami naligeuza kila neno liwe Kiswahili ili mwenye kesi ajue kinachosemwa. Wiki ninayoikumbuka, Jumatatu nilikuwa nimetia sahihi karatasi za kuachana na mume wangu. Mpatanishi alisoma masharti: nyumba ya Membley ibaki kwake, watoto wakae huko ili shule isivurugike, mimi niwachukue wikendi. Akauliza, "Mama, unakubali?" Nikaitikia kwa kichwa. Jumanne nikapiga pasi blauzi, nikaenda kazini.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya shosho mmoja, bibi kizee wa Gatuanyaga, na shemeji yake. Waligombania mpaka wa shamba. Wakili wa shemeji akasimama, na katika sentensi moja akatumia neno setlementi mara tatu: kwamba shamba lilitoka kwa skimu ya setlementi, kwamba upande wa shosho ndio pekee uliofanya setlementi pale, na kwamba sasa pande zote zimefikia setlementi. Ni neno ambalo mimi hulipanga vizuri siku zote, makazi hapa, suluhu pale. Siku hiyo kichwa kilikuwa kama kimefunikwa blanketi. Nilisema makazi, makazi, halafu nikasema, "Sasa pande zote zimefikia makazi."

Shosho akanigeukia. "Nifikie makazi gani tena? Si mimi naishi huko tangu mzee wangu aweke mabati?"

Watu wakacheka. Hakimu akanitazama juu ya miwani. "Mkalimani?"

"Samahani, mheshimiwa. Ni suluhu. Shosho, wanasema mmesikizana, kesi imeisha."

"Imeisha na nani? Mimi sijaongea na mtu."

Kicheko kikakatika. Hakimu akamuuliza wakili wa shosho, naye akasema kijana wa shosho ndiye aliyekubali kwa niaba ya mama yake. Shosho hakuwa ameambiwa. Hakimu akasukuma kando karatasi ya suluhu, akawaambia wakaongee tena, na safari hii mama mwenyewe awepo.

Saa ya chai nilimkuta shosho kwa benchi la nje, amefungua leso ya ngwaci za kuchemsha, vile viazi vitamu. Akanipa moja. Nikaila bila kusikia ladha.

"Umenisaidia, msichana wangu," akasema.

"Nilikosea tu, shosho."

"Hata hivyo. Umeolewa?"

Sijui kwa nini nilimjibu. "Tuliachana jana. Kulikuwa na suluhu."

"Na wewe uliongea?"

Nilifikiria kile chumba, feni ikizunguka, mume wangu akiangalia viatu vyake. "La. Niliulizwa, nikaitikia."

Hakusema pole. Alifunga leso, akanishika mkono kidogo, halafu kijana wake akaja kumwambia pikipiki imefika.

Jumamosi nilihamia Ruiru, nyumba ya kupanga, chumba kimoja na jikoni, orofa ya tatu. Kuta zilinuka rangi mbichi. Mama yangu akapiga simu kuuliza kama nimetulia. Nikasema ndiyo, kwa sababu kitanda kilikuwa kimeshaunganishwa na maji yalikuwa kwa mfereji. Sikulia. Nilingoja kulia kama mtu anayengoja kupiga chafya, nikachoka, nikaosha sufuria.

Miezi kadhaa baadaye shosho na shemeji walirudi kortini. Shosho alikuwa ameutembea mpaka wa shamba kwa miguu yake, akaonyesha kila kigingi. Nilimsomea masharti mapya polepole, moja baada ya lingine, na kila mara akasema "hilo sawa" au "hilo hapana." Ilichukua asubuhi nzima.

Jioni hiyo nilimpigia simu aliyekuwa mume wangu. Nikamwambia wikendi hazitoshi, nataka watoto likizo nzima. Akauliza, "Mbona hukusema siku ile?"

"Nasema leo," nikamjibu.

Desemba, shule zilipofungwa, watoto walikuja na mabegi yao.