Foleni ya Vikapu

Siku ya kwanza kazini sikupewa mashine, nilipewa foleni. Mwenyekiti wa ushirika wetu, hapa kijijini nje ya mji wa Songea, alinionyesha vikapu na ndoo za mahindi zilizopangwa mlangoni pa mashine ya kusaga. Wenyewe walikuwa shambani. Akasema, “Kijana, kikapu ni mtu. Ukikiruka, umemruka mwenyewe.” Niliishia darasa la nne, lakini hilo sikuhitaji kuandikiwa ubaoni.

Fundi mkuu alinifundisha kukaza mkanda unaozungusha kinu, na kubadilisha chujio, lile bati lenye matundu linaloamua unga utoke laini au chenga. Alipoondoka, fundi mkuu nikawa mimi.

Miaka ikapita, ikaja biashara huria. Mfanyabiashara mmoja, mzaliwa wa hapa hapa, akashusha lori la magunia.

“Shikamoo mzee. Anza na haya, nalipa mara mbili.”

“Marahaba. Lipa hata mara tano, zamu yako iko nyuma ya ile ndoo nyekundu.”

“Ujamaa umekwisha, wewe bado unalinda ndoo!”

Injini yetu wakati huo ilikuwa hoi. Akaahidi kuleta mpya, kwa sharti moja: kura za ushirika zihesabiwe kwa hisa, si kwa vichwa. Hisa nyingi angezinunua yeye. Mwenyekiti mpya alishalegea. Mkutanoni akanigeukia.

“Fundi, injini mpya huitaki?”

“Naitaka kuliko wewe. Moshi wa hii naula mimi. Lakini kura zote zikiwa zake, sisi mkutano ujao tunakuja kufanya nini? Kupiga makofi?”

Watu wakacheka, kisha wakanyoosha mikono. Sharti likaanguka.

Yule mfanyabiashara akajenga mashine yake ng'ambo ya barabara, mpya, kali. Wateja wetu wengi walihamia huko, sifichi. Nikaifungua injini yetu kipande kwa kipande, nikaiunga upya. Ilisaga polepole, lakini ilisaga mpaka nilipostaafu.

Ninyi vijana mnaniuliza kama nilipinga maendeleo. Nyumba yangu ya bati imetoka kwenye kazi ile; biashara naijua. Nilichokataa ni mwenye fedha kununua hata mdomo wangu.

Siku moja, nikiwa bado kazini, alikuja mama mzazi wa yule mfanyabiashara, debe kichwani, akalitua nyuma ya wenzake.

“Mama, si mwanao ana mashine?”

“Anayo, baba. Lakini kule tangu asubuhi napitwa na magunia. Wa mwisho hapa nani?”