Mukate Kama Jani

Mama alitoka Kasongo kuja kunitembelea Kampala, nikamupeleka mu restora ya Waeritrea. Wakatuletea sinia moja: nyama na dengu juu ya mukate mupana, laini kama kitambaa. Kwetu samaki inapikwa ndani ya majani, na jani tunatupa. Mama akamaliza nyama yote, mukate hakuugusa, akauliza, "Sasa ugali iko wapi?"

Nikamuambia chakula ni ile ya chini. Akanikazia macho kama vile nimemuambia akule meza. Kisha akamega, akaonja, na sinia ikabaki tupu.

Siku hizi kwake Kasongo, mugeni akiletewa samaki, mama anamuwahi: "Jani tunatupa, mwanangu. Usione haya, hata mimi kwa watu sikujua."