Viatu Vilivyoozesha Wenzangu

Mpaka naolewa sikuwa nimevaa kiatu. Nilikuwa na miguu, na miguu ilinitosha. Kisiwani Chole wakati ule, Wadachi wakiwa na boma lao pale, ukisikia mtu anapita kwa kishindo cha ngozi ni askari au mwenye mashamba. Sisi wengine tulipita kimya.

Kwa hiyo mume wangu aliporudi kutoka Unguja alikokwenda kuuza mikeka na kamba, akatoa mzigoni makubadhi mapya yenye nakshi ya uzi mwekundu, nilicheka mpaka nikaona haya. Ndoa yetu ilikuwa na miezi mitatu. Alichutama akanivisha mwenyewe. Nikatembea kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, ngozi ikilia chini yangu, na sijui kama nimewahi kufurahi vile tena. Kisha nikavivua, nikamwambia, "Nitavivaa Idi, watu wanione." Ujinga gani ule! Ningevivaa papo hapo nikaenda navyo kuteka maji, yote yaliyofuata yasingetokea.

Tuliishi nyumba moja na mavyaa, mama wa mume wangu, mwanamke mkarimu sana kwa vitu vya wenzake. Mume hajamaliza siku tatu tangu asafiri tena, mavyaa akaniletea somo, kungwi aliyekuwa akimfunda mwari wa jirani. Kwetu bibi harusi haingii nyumba ya mumewe miguu mitupu, na viatu vya kuingilia huazimwa. Tena haviazimwi popote tu. Vinatoka kwa mke anayependwa na mumewe, ili mapenzi yale yamfuate na bibi harusi.

"Mwanangu," somo akasema, "tumetazama mtaa mzima, tukakuona wewe."

Ningemjibu nini? Kumnyima ni kutangaza kwamba mume wangu hanipendi. Nikavitoa.

"Kesho vitakuwa hapa," mavyaa akasema.

Vilirudi siku ya tisa, vimejaa mchanga, hina imeganda kwenye ukanda. Nikavisugua kwa mafuta ya nazi huku nikisonya. Havijakauka sawasawa, somo mwingine huyu hapa mlangoni. Mwaka ule kila mwenye binti alikumbuka kumwoza. Bibi harusi wa tatu, Mungu anisamehe, alikuwa na miguu kama makasia, akaulegeza ukanda wote. Wa nne alimaliza fungate, akahamia shambani kwa mumewe ng'ambo, kisiwa kikubwa, na viatu vyangu miguuni.

Na kila mume wangu aliporudi, neno lilikuwa moja.

"Viatu vyako sivioni."

"Nimeviweka."

"Havikukupendeza?"

"Vimenipendeza mno. Ngoja Idi."

Ningewezaje kumwambia kwamba mama yake amevigawa? Nilikuwa mgeni katika nyumba ile. Alikuwa akigeukia ukutani. Nilijua anadhani nimeidharau zawadi yake, na pengine na yeye mwenyewe. Iliniuma, na kwa kuwa iliniuma niliwakasirikia wote: yeye kwa kuuliza, mama yake kwa kugawa, masomo kwa kubisha hodi, na wari kwa kuvunja ungo wote kwa pamoja.

Siku moja kabla ya Idi nilipanda mtumbwi nikavuka. Nilimkuta bibi harusi wa nne anapepeta mpunga uani, amevivaa.

"Karibu, dada! Hata nilikuwa nataka kuvileta."

"Usisumbuke," nikamwambia, nikainama nikamvua mimi mwenyewe, kimoja kimoja.

Asubuhi ya Idi nikaoga, nikajifukiza udi, nikavivaa. Mume wangu akarudi msikitini, akanitazama usoni, akashusha macho hadi miguuni, akatabasamu. Nikajiona nimefika. Kisha akainama, akaniinua mguu, akaugeuza. Soli ilikuwa imelika kisigino chote. Tabasamu likamtoka.

"Hivi vimetembea," akasema taratibu. "Mimi nikiwapo huvivai. Nisipokuwapo ulikuwa ukienda navyo wapi?"

Nilisimama kwa mguu mmoja, mwingine umo mkononi mwake. Nikisema, nimemshitaki mama yake siku ya Idi. Nikinyamaza, nimejishitaki mwenyewe, na wanawake wamepewa talaka kwa madogo kuliko hayo. Mavyaa alikuwa palepale anapakua tambi. Nilimkazia macho kama mtu anayezama.

Hakuona haya hata kidogo.

"Aende wapi huyu?" akasema, anakung'uta mwiko. "Viatu hivyo vimeozesha wasichana wanne, mwanangu! Masomo wote wanakuja kwangu. Chole nzima inajua mwanangu anampenda mkewe."

Mume wangu akaniachia mguu. Nilingoja aniombe radhi.

"Wanne?" akamwuliza mama yake, na uso wote ukamkunjuka.

"Wanne. Na mwezi ujao kuna binti wa mtengeneza mitumbwi. Somo wake amekwisha kuulizia."

"Mpeni," akasema mume wangu, kifua kimemjaa kama jogoo. "Mpeni, avae."

Wakacheka, mama na mwana. Nilishukuru Mungu kwamba nimeokoka, na papo hapo nikatamani kuwamwagia wote wawili sahani ya tambi. Hakuna aliyeniuliza.

Baadaye akaniona nimenuna. "Usihuzunike, mke wangu," akasema. "Nikienda Unguja nitakununulia vingine."

"Ninunulie kimoja," nikamwambia. "Kimoja hakuna wa kukiazima."

Alicheka mpaka akafuta machozi, akaenda kumsimulia mama yake. Mimi sikuwa natania.