Mke wangu amepima spika kwa kichwa

Jamani, leo nimenyamazishwa dukani mbele ya watu.

Mnajua redio yetu ya kaseti inavyokoroma. Basi nikampeleka Mama Zuhura akasikie ampli mpya na spika zake mbili kubwa. Bei tulishapatana.

Muuzaji akawasha. Besi ikaingia mpaka tumboni. Mi natabasamu kama bwana harusi.

"Unaonaje?" nikamuuliza.

Akamkaza mdogo wake Zuhura mgongoni, akanyanyua spika nyingine iliyokuwa pembeni, akajitwika. Akatembea nayo mpaka mlangoni, akarudi. Watu wote wanamwangalia!

Nikamwambia kwa aibu, "Weka chini, Mama Zuhura. Tutakodi gari."

"Siku ile tunakimbia vita kule Kamenge, tulikodi gari?"



"Hii nimeiweza," akasema. "We utabeba ile ingine na ampli. Sasa Zuhura atabebwa na nani?"

Zuhura ana miaka minne. Alikuwa amenishika kidole, anacheza muziki.

Muuzaji ni Mkongomani. Nilidhani atabembeleza, wapi! Akazima muziki mwenyewe.

"Papa, sikia mama. Yangu niliifungia ndani ya nyumba, Uvira. Funguo ninayo mpaka leo."

Tumerudi nyumbani na betri mpya za redio ileile.

Nimekuja hapa cyber kuwaandikia kwa sababu pale nyumbani kila ninachokiangalia, kitanda, kabati, cherehani, nakiona kiko juu ya kichwa cha Mama Zuhura.

Chekeni tu. Lakini niambieni, ni mimi peke yangu, au hata kwenu ni hivyo?